Bi Kiboko na Mgeni wa Chumba cha Ndani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi zile wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na majirani wa kugombana nao, palikuwa na mji mmoja kando ya mto. Mji huo ulikuwa wa wanyama wanene wenye nguvu. Nyumba zao za udongo zilijengwa zikiegemeana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, hata mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili anaitikia, "Afya!"

Nyumba ya kwanza kabisa, pale njia inapoingia mjini, ilikuwa ya Bi Kiboko. Alikuwa mjane. Nyumba hiyo alijengewa na marehemu mumewe, na zaidi ya nyumba hiyo hakuwa na kitu duniani. Kwa kuwa ilikuwa ya kwanza njiani, Bi Kiboko ndiye aliyekuwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa hivi: akimwona kiumbe anajipenyeza mjini bila hodi, anamkamata kwa mdomo, hap! Anamtia chumba cha ndani na kufunga. Kisha anateleka chungu cha maji ya majivu mpaka yachemke, anayamwaga humo chumbani, pwaa! Basi, habari ya huyo imekwisha.

Kazi hiyo aliifanya miaka na miaka. Magoti yakaanza kulia, ka! ka!, kila akiinuka. Chungu kikazidi kuwa kizito ingawa kilikuwa kilekile. Mji mzima ulilala usingizi mnono kwa sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kumwambia, "Bibi, leo keti, nitabeba mimi." Kusema kweli inaudhi, lakini ndivyo walivyokuwa.

Sasa mji huo ulikuwa na desturi mbili. Zisikilizeni vizuri, maana bila hizo hamtaelewa kitu.

Ya kwanza: mateka amwagiwe maji kabla jua halijatua. Akilala chini ya paa lako usiku mmoja tu, amekuwa mgeni wako, nawe huna ruhusa ya kumwagia maji ya moto mgeni wako.

Ya pili: kila asubuhi kila nyumba itundike ugwe mlangoni, na kwenye ugwe huo ifunge kipande cha kila kilichomo ndani. Ganda la mtama, gamba la samaki, unywele wa kila anayelala humo. Bwana Nyegere, mkaguzi wa mji, alipita akinusa mlango kwa mlango. Ndani haingii, kwa maana walisema nyumba ya mtu ni mwili wake, haiingiliwi. Lakini akikuta kwenye ugwe unywele wa asiyepiga hodi mjini, papo hapo anatoa kucha zake na kuibomoa nyumba nzima pamoja na vilivyomo, ili balaa lisihamie kwa jirani. Ndiyo sheria, na mwenye nyumba hana la kusema.

Basi alasiri moja ya kiangazi, Bi Kiboko alikuwa amesinzia kibarazani, akaona kitu kimepita miguuni, swii! Hap! Akakinasa. Kumbe ni Kirukanjia, yule mdogo wa kimo, mrefu wa pua, anayenuka kabla hujamwona. Bi Kiboko akamtia chumba cha ndani, akafunga, akaenda kuwasha moto.

"Shikamoo, Bibi!" sauti ikatoka chumbani.

Bi Kiboko akashangaa. Mateka wengine hulia, wengine hutukana. Hakuwahi kuamkiwa na mateka.

"Marahaba," akajibu, maana salamu haikataliwi.

"Bibi, magoti hayo ndiyo yanayolia hivyo?"

"Hayakuhusu."

"Kweli, hayanihusu. Lakini masikio yamesikia na roho imeniuma. Ka! ka! Na chungu hicho unakibeba peke yako?"

"Peke yangu."

"Tangu lini?"

Bi Kiboko akaziweka kuni chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Tangu mume wangu yuko hai," akasema mwishowe.

"Lo, lo, lo! Na mji wote huu wenye mabega mapana unakutazama tu? Hebu keti, Bibi. Mimi nitakwenda wapi? Mlango umeufunga mwenyewe, na maji hayajachemka. Weka miguu juu ya kigoda. Pole, Bibi. Pole sana."

Bi Kiboko alijua hapaswi kukaa. Lakini neno hilo, pole, lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Akasema moyoni, nitakaa kidogo tu, maji yakitokota nitainuka. Akakaa. Kirukanjia akaendelea kumwambia pole, polepole, kwa sauti ya kubembeleza. Punde ikasikika, "Kho-o-o! Kho-o-o!"

Alipozinduka, moto umezimika, chungu kimepoa, na jogoo wa mtaa wa pili anawika.

"Umeamkaje, Bibi?" sauti ikauliza.

Bi Kiboko akashika kichwa. "Ole wangu! Jua limetua hata limechomoza!"

"Basi mimi ni mgeni wako. Nimelala chini ya paa lako. Nifungulie ninawe uso."

Angefanyaje? Mila ni mila. Akafungua, Kirukanjia akatoka akijinyoosha.

"Mjukuu wangu," Bi Kiboko akasema kwa huzuni, "mgeni umekuwa, lakini mjini hukupiga hodi. Sina budi kuufunga unywele wako kwenye ugwe, Nyegere auone."

"Uufunge? Bibi yangu! Ukiufunga, nyumba hii aliyokujengea marehemu inakuwa kifusi leo hii. Utalala wapi na magoti hayo?"

Bi Kiboko akautazama ukuta. Alama za vidole vya mumewe zilikuwa bado zinaonekana pale alipopiga tope. Moyo ukamlegea.

"Nipe ugwe nitundike mimi," Kirukanjia akasema upesi. "Wewe hutasema uongo wowote. Wewe kalale tu. Kulala si uongo."

Akaenda kulala. Kirukanjia akatundika ugwe wenye ganda la mtama, unywele wa Bi Kiboko na magamba ya kambare aliyevunda. Nyegere alipofika akasogeza pua, nf! nf!, kisha akarudi nyuma haraka. "Ptu! Kambare gani huyu! Haya, kwema hapa." Akaenda zake. Harufu ya kambare ilikuwa imeimeza harufu ya Kirukanjia yote.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kirukanjia hakungoja kupewa. Siku ya tatu alilichukua mwenyewe nyuma ya mlango.

"Nataka nikitengeneze chumba cha ndani, Bibi. Mgeni asiye na kazi ni mzigo."

"Mungu akubariki, mjukuu wangu," Bi Kiboko akasema, na machozi kidogo yakamlenga. Akalala akisikia jembe likifanya kazi chumbani, kwe! kwe! kwe! Hakujiuliza chumba kidogo namna ile kinalimwa nini.

Siku zikapita. Kirukanjia alitundika ugwe, alipika uji, alifagia. Uji ukaanza kuwa mwepesi. Bi Kiboko akiuliza, anaambiwa, "Ni kiangazi, Bibi." Alasiri baridi ikawa inamshika mpaka meno yanagongana, gagaga! Akiuliza, anaambiwa, "Ni uzee, Bibi. Lala." Naye akilala ndiyo anazidi kuchoka. Alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala, na jambo hilo lilimshangaza, lakini hata kushangaa kulimchosha.

Adhuhuri moja kiu ilimbana. Akaita, hakuitikiwa. Kirukanjia alikuwa amejilaza chumbani. Bi Kiboko akachukua mtungi mwenyewe, akajikokota hadi mtoni. Huko akamkuta jirani yake wa ukuta mmoja, Mama Ngiri, mwenye watoto saba, anakanda tope la kuzibia nyufa za jiko lake.

"Shikamoo, Bibi! Jamani, umekonda! Ngozi inakuning'inia kama nguo ya kuazima!"

"Marahaba. Ni uzee, mwanangu."

"Ila mgeni wako ni mtu mwema! Tangu juzi ananisaidia hata mimi."

Bi Kiboko akautua mtungi chini. "Anakusaidia wapi?"

"Kwangu, ndani. Ameniambia, 'Mama, watoto saba, umechoka, pole sana. Kalale, ugwe nitakutundikia.' Nikasema hewala! Nani mwingine amewahi kuniambia pole?"

"Na aliingilia wapi? Mlango wako uko mbele ya kibaraza changu, sijamwona akipita."

"Hata sijui. Nilimkuta jikoni tu." Mama Ngiri akafuta tope usoni. "Mambo yangekuwa mazuri, ila wanangu wawili wana homa. Wanatetemeka mchana kutwa. Nadhani ni huu upepo."

Bi Kiboko akauacha mtungi palepale. Aliona aibu kubwa, aibu ya mlinzi aliyemfungulia mwizi na kumwandalia kitanda. Akarudi nyumbani mikono mitupu, akinyata kadiri kiboko anavyoweza kunyata.

Kwanza alikwenda ghalani. Vikapu vilionekana vimejaa. Akatia mkono: juu mtama wa kiganja kimoja, chini makapi matupu. Kisha akasukuma mlango wa chumba cha ndani kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Salaale! Hakuwa Kirukanjia mmoja. Walikuwa wamelala marundo kwa marundo, watoto, wajukuu na vitukuu, matumbo yamewatuna kwa mtama wake. Na kwenye ukuta, pale jembe lilipofanya kazi, palikuwa na tundu moja linaloelekea kwa Mama Ngiri, na jingine pembeni yake, na la tatu juu.

Bi Kiboko akaufunga mlango taratibu. Kuwamwagia maji hakuweza, walikwisha kuwa wageni. Na akipiga kelele, kabla Nyegere hajainua ukucha watakuwa wamekwisha kimbilia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka mwisho wa mji. Akawaza watoto wawili wa Mama Ngiri walivyo wadogo. Akaokota kinywele kimoja cha kijivu kilichokuwa sakafuni, akakificha shavuni, akarudi mtoni.

"Mwanangu," akamwambia Mama Ngiri, "tope lako linatosha?"

"Linatosha nini?"

Akamweleza yote. Mama Ngiri akalia. "Na nyumba yako, Bibi? Nyumba aliyokuachia Babu?"

"Wanao wanatetemeka," Bi Kiboko akasema. "Kanda tope. Kanda jingi. Na leo kwako ujifanye hujui lolote."

Jioni Kirukanjia alipomletea uji, alimkuta amejilaza na macho ameyafumba nusu.

"Mjukuu wangu, naona siku zangu zinakwisha. Nataka kurithisha nyumba."

Masikio ya Kirukanjia yakasimama. "Umrithishe nani, Bibi?"

"Nina nani mwingine? Wewe na watoto wako."

"Watoto?" Kirukanjia akababaika. "Watoto gani?"

"Mzee hulala, masikio yake hayalali. Nawasikia wakicheza. Nilikuwa na upweke miaka mingi, nikafurahi kimyakimya. Kesho asubuhi waite wote, waliomo na waliotoka kutembea. Wakae chumbani, niwagawie mmoja mmoja. Asiyekuwepo harithi."

Uchoyo ni kitu kibaya. Kirukanjia mwenye akili zote zile alisikia neno urithi, akili ikamtoka. Akapita matunduni huku na huku akiita, kwi! kwi! kwi! Ilipofika asubuhi, ukoo mzima ulikuwa umejazana chumba cha ndani, wanasukumana, kila mmoja anataka kuwa mbele.

Kirukanjia akatundika ugwe na kambare wake, kama kawaida. Kisha akapanda nyuma ya sikio la Bi Kiboko aliyeketi mlangoni. "Nyegere akija usiseme neno, Bibi," akanong'ona. "Maneno yanachosha." Na meno yake yalikuwa yameigusa ngozi, tayari kuuma.

Kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika, pa! pa! pa! Bi Kiboko akakohoa kwa nguvu mpaka ikanyamaza.

Nyegere akafika. "Shikamoo, Bibi."

Bi Kiboko akaitikia kwa kichwa tu. Nyegere akanusa ugwe, nf!, akakunja uso. "Kambare tena! Haya, kwema." Akageuka kuondoka.

Hapo Bi Kiboko akapiga miayo.

"Haaaaaaaa!"

Kirukanjia hakujali. Mwezi mzima bibi huyu alikuwa anapiga miayo asubuhi, mchana na jioni. Nani anayeshtushwa na miayo ya mzee aliyechoka? Nyegere naye akasema tu, "Pole, Bibi," akatupa jicho humo kinywani kwa adabu. Akasimama. Kwenye jino la mbele la Bi Kiboko palikuwa pamefungwa unywele mfupi wa kijivu, uleule aliouficha shavuni. Akasogeza pua karibu. Hapo hapakuwa na kambare.

Nyegere akamtazama Bi Kiboko machoni. Alikuwa amekula uji katika nyumba ile tangu akiwa mdogo. "Bibi," akasema polepole, "nimeona umepiga miayo. Ni miayo kweli?"

Bi Kiboko alielewa anaulizwa nini. Aliutazama ukuta, zile alama za vidole, mara ya mwisho. Kisha akapiga miayo mara ya pili, mirefu kuliko ya kwanza, na machozi yakamtiririka, na hayakuwa ya miayo.

Papo hapo akatikisa kichwa, pwi! Kirukanjia akaruka hewani akaangukia mle chumbani walimo wenzake. Bi Kiboko akarudi kinyumenyume mpaka chumba cha ndani, akajibana kwenye mlango wake, makalio yakajaa mlango wote, hata mwanga haupiti.

"Bibi!" Kirukanjia akapiga kelele nyuma yake. "Bibi yangu, umechoka! Toka hapo ukapumzike!"

"Nimechoka, mjukuu wangu," Bi Kiboko akajibu. "Nimechoka sana. Hata sina nguvu za kuondoka hapa mlangoni."

Wakakimbilia tundu la kwanza: tope. La pili: tope. La tatu: tope, na sauti ya Mama Ngiri ng'ambo inasema, "Poleni, poleni sana!" Wakamrukia Bi Kiboko wakamuuma, kukuru kakara! Naye hakusogea hata unyayo. Nyegere akatoa kucha zake, akaanza na nguzo za nje, kwaru! kwaru! kwaru! Ukuta ukatikisika, boriti zikalia, na paa likashuka lote, puuu!

Vumbi likatanda. Lilipotulia, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kifusi, na juu ya kifusi mgongo mpana wa kijivu unaopumua. Nyegere na Mama Ngiri wakamfukua kwa mikono. Jino moja limevunjika, ngozi imechanika, lakini mzima. Chini yake hapakuwa na sauti tena, hata kwi moja.

Majirani wakatoka, wakasimama mbali wakiona haya. Wengine walikuwa wanakwenda kuangalia ghala zao na matundu ya kuta zao kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mama Ngiri akatandika mkeka wake kivulini, tope likiwa bado limemjaa mpaka viwikoni, akamlaza Bi Kiboko.

"Umechoka, Bibi?"

"Nimechoka."

"Basi lala. Chungu nakibeba mimi leo. Kesho atabeba Nyati, nimeshamwambia. Tembo akija na visingizio, mwachie Nyegere."

Bi Kiboko akataka kujibu lakini usingizi ulimtangulia. Alilala siku mbili, na siku zote hizo alisikia usingizini sauti za watu wakigombana kwa mnong'ono nani zamu yake. Siku ya tatu aliamka, akaomba uji. Ulikuwa mzito. Akaunywa wote. Homa ilikuwa imemwacha, na watoto wa Mama Ngiri walikuwa wanapigana mieleka juu ya miguu yake.

Hadithi nimeibeba mpaka hapa, nami mgongo unauma. Na fundisho lake ni hili: ukichoka, mzigo wako mpe mwenzio wa ukuta mmoja, usimpe mpita njia aliyekuja kukula.